Kompyuta Haioni Masasisho? Usikimbilie Kupiga Windows Upya

Kompyuta inaposhindwa kupata masasisho hukuambia kwa namna mbili. Namna ya kwanza iko wazi: alama nyekundu, maneno kwamba imeshindikana, na msimbo unaoanza na 0x. Namna ya pili ni ya kimya. Unakuta tiki ya kijani na maneno kwamba kompyuta yako imesasishwa, lakini ukifungua historia unaona sasisho la mwisho liliingia mwaka juzi. Wengi huogopa ile nyekundu. Mimi naogopa zaidi ile ya kijani, kwa sababu mwenye kompyuta hana habari kwamba ana tatizo. Anaendelea kuchomeka flashi za wateja, kufungua viambatisho vya barua pepe na kuingia benki kwa mashine yenye matundu ambayo watengenezaji walishayatolea kiraka zamani.

Gharama ya matundu hayo inajulikana. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba udhaifu katika njia ambayo kompyuta za Windows hutumia kushirikishana mafaili. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kikapitia udhaifu uleule na kufunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150, kompyuta za hospitali za Uingereza zikiwemo. Sasisho lilikuwa limekaa kwenye seva, yaani kompyuta kuu za Microsoft, karibu miezi miwili. Mashine nyingi zilizoumia ni zile ambazo halikuzifikia.

Sasa, ukipeleka kompyuta yenye tatizo hili kwa fundi, iwe Mwanjelwa hapa Mbeya au Mashine Tatu kule Iringa, kuna uwezekano mkubwa utajibiwa kwa maneno matatu: tupige Windows upya. Nawaheshimu mafundi wetu, na najua mteja mwenyewe huwa na haraka. Lakini dawa hiyo mara nyingi huondoa mafaili na programu za mteja bila kugusa chanzo. Kama chanzo ni betri ya saa ya ndani iliyokufa, Windows mpya itaingia kwenye mashine yenye saa mbovu ileile. Kama flashi ya kupigia Windows imebeba nakala ambayo mtu alishaizima masasisho, utarudi nyumbani na tatizo lilelile, safari hii ukiwa umelilipia.

Kabla ya kufika huko, inafaa kujua ni nini hasa kinatokea kompyuta "inapotafuta".

Swali linavyosafiri

Ndani ya Windows kuna huduma ambayo jina lake la kimfumo ni wuauserv. Mara kwa mara, bila wewe kuiamuru, huamka na kutuma swali kwa seva. Swali hilo limebeba maelezo mengi: toleo la Windows, aina ya prosesa, draiva zilizopo, na masasisho ambayo tayari yameingia. Seva inalinganisha na ilicho nacho, kisha inarudisha orodha ya vinavyopungua. Huduma nyingine ya kushusha, kama BITS, inashusha mafaili hayo polepole huku wewe ukiendelea na kazi, na umeme ukikatika katikati, ukirudi inaendelea pale ilipoishia. Baada ya hapo sahihi za kidijitali zinakaguliwa, kuhakikisha kwamba mafaili yametoka kwa mwenyewe na hayakuchezewa njiani. Hapo ndipo yanasakinishwa.

Kwa hiyo kompyuta isiyoona masasisho inaweza kuwa haijauliza kabisa. Inaweza kuwa imeuliza mahali ambapo hakuna mtu. Inaweza kuwa imejibiwa, ila jibu ikalikataa. Au imejibiwa vizuri kabisa kwamba toleo lake halihudumiwi tena. Hizo ni shida tofauti na kila moja ina tiba yake, na kupiga Windows upya kunatibu chache tu kati yake.

Mahali pa kuanzia ni ukurasa wenyewe wa masasisho. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika ms-settings:windowsupdate, kisha bonyeza Enter. Usiitazame tiki kwanza. Tazama maandishi madogo yanayosema ukaguzi wa mwisho ulifanyika lini. Ile tiki ya kijani ni kumbukumbu ya jibu la mwisho lililopatikana, na jibu hilo linaweza kuwa la wiki nyingi zilizopita. Kama tarehe ni ya zamani, kompyuta haijakuambia kwamba iko salama. Imekuambia tu kwamba siku ile ilikuwa salama.

Kisha amuru itafute sasa hivi. Ikitoa msimbo, uandike au upige picha kwa simu, maana ndio ushahidi wenye thamani kuliko maelezo yote utakayompa fundi. 0x80072EE2 unasema nimesubiri seva hadi muda ukaisha. 0x8024402C kwa kawaida unasema sikuweza kuifikia seva kwa jina lake, na mara nyingi kuna proksi (kompyuta ya kati inayopitisha mawasiliano) au DNS (huduma inayotafsiri majina ya seva kuwa anwani) iliyovurugika. 0x80072F8F unaelekeza kwenye saa na tarehe. 0x80070422 unasema huduma yenyewe imezimwa. 0x80070070 unasema diski imejaa. Fundi anayeanza kazi bila kuuliza msimbo anabahatisha.

Kuhusu mtandao wenyewe sitasema mengi. Fungua tovuti ambayo hujawahi kuifungua, usije ukadanganywa na kurasa zilizohifadhiwa. Kama uko hosteli ya chuo au nyumba ya wageni, hakikisha umeingia kwenye ule ukurasa wa nywila unaojitokeza kwenye Wi-Fi, kwa sababu huduma ya masasisho haiwezi kujaza nywila kwa niaba yako. Na kuna siku tatizo liko mbali kabisa na Mbeya: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikadhoofika Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo usifungue kompyuta ya mtu. Subiri.

Saa iliyorudi nyuma

Tatizo ninalolikuta sana kwenye kompyuta za mezani za Nyanda za Juu Kusini ni saa, na lina uhusiano wa moja kwa moja na hali ya hewa yetu.

Kwenye mazabodi, lile bamba kuu la umeme ndani ya kompyuta, kuna betri bapa ya mviringo yenye maandishi CR2032. Ina kipenyo cha milimita 20, unene wa milimita 3.2, na ikiwa mpya inatoa volti 3. Kazi yake ni kuendesha saa ya ndani wakati kompyuta haina umeme kabisa. Sikiliza neno "kabisa". Kompyuta ya mezani ikizimwa huku waya wake ukiwa bado kwenye soketi yenye umeme, pawasaplai inaendelea kupeleka volti 5 kidogo kwenye mazabodi, na saa inaishi kwa umeme huo. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa na betri iliyokufa kwa muda mrefu bila kujua.

Sasa fikiria Tukuyu wakati wa masika, au Njombe ngurumo zinapoanza. Mtu mwenye busara anachomoa kila kitu ukutani kwa kuogopa radi. Usiku kucha ile betri dhaifu inabaki peke yake, inashindwa, na asubuhi kompyuta inaamka ikiamini kwamba ni mwaka ambao mazabodi ilitengenezwa. Mwenye steshenari haoni shida. Anachapa barua, anatoa kopi, anapokea hela. Ile tarehe ya ajabu kwenye kona ya chini kulia ameshaizoea.

Huduma ya masasisho haiwezi kuizoea. Ili izungumze na seva kwa usalama, seva inaonyesha cheti cha kidijitali chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta inayoamini kwamba huu ni mwaka 2012 inatazama cheti cha mwaka huu na kuona hakijaanza kutumika. Inakata mazungumzo, na inafanya sawasawa, kwa sababu cheti chenye tarehe zisizolingana ndicho ambacho tapeli angeleta. Hapo ndipo unapoona 0x80072F8F. Kivinjari nacho kitalalamika kwenye tovuti nyingi kwamba muunganisho si salama, na hiyo ni dalili nzuri ya kuthibitisha.

Watu hudhani kompyuta itajirekebisha ikipata intaneti, kwa kuwa Windows inaweza kuuliza saa mtandaoni. Inaweza, ila kuna mpaka. Kwa kompyuta ya nyumbani, kwa mipangilio yake ya kawaida, huduma ya saa haikubali kuruka zaidi ya saa 15 kwa mkupuo. Ikiwa imebaki nyuma kwa miaka, inakataa kujisogeza. Kwa hiyo weka tarehe na saa kwa mkono kwanza, angalau ikaribie, kisha ndipo uiamuru ioanishe na mtandao.

Angalia pia ukanda wa saa. Kompyuta nyingi za mtumba zinakuja zikiwa bado na ukanda wa nchi zilikotoka. Mtu anaona saa imepishana, badala ya kubadilisha ukanda anasogeza mishale. Juu inaonekana sawa, ndani hesabu imeharibika. Chagua ukanda wa UTC+03:00 ulioandikwa Nairobi, ndio wetu, kisha urekebishe saa. Na wapo wanaoandika 3:00 kwa sababu ni saa tatu asubuhi, wakati kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane na inataka 9:00. Kupishana kwa saa sita ni kudogo ukilinganisha na miaka kumi, lakini kunatosha kuvuruga baadhi ya huduma za kuingia kwenye akaunti.

Baada ya kurekebisha, zima kompyuta, chomoa waya, iache usiku mmoja. Asubuhi tarehe ikiwa imerudi nyuma tena, nunua betri mpya. Kuibadilisha ni kazi ya dakika chache: zima, chomoa, gusa chuma cha kasha kwanza ili kuondoa umeme tuli mwilini, sukuma kile kibanio cha pembeni, betri inaruka yenyewe. Upande wenye alama ya kujumlisha unatazama juu. Kwenye laptopu, betri hiyo mara nyingi imefungwa kwa nyaya mbili ndogo na iko chini ya vitu vingine, kwa hiyo hapo mwite fundi.

Proksi iliyosahaulika

Kuna hali inayowachanganya hata watu wenye ujuzi: kivinjari kinafungua kila kitu, video zinacheza, lakini masasisho hayapatikani. Mtu anasema mtandao uko sawa, basi Windows ndiyo mbovu.

Kivinjari na huduma ya masasisho si lazima vipite njia moja. Windows ina mipangilio ya proksi ambayo vivinjari huifuata, na ina mipangilio mingine, ya WinHTTP, ambayo huduma za ndani huitumia. Ukiweka proksi kwenye moja, nyingine inaweza isibadilike. Huku kwetu hili hutokea zaidi kwa vijana waliowahi kujaribu zile programu za "intaneti ya bure", zinazoelekeza mtandao wa laptopu upite kwenye anwani fulani ya simu. Programu inafutwa, ile anwani inabaki imeandikwa, na kila swali la masasisho linapelekwa kwenye mlango ambao haupo tena.

Fungua dirisha la amri (Command Prompt) kwa mamlaka ya msimamizi (Run as administrator), andika netsh winhttp show proxy. Likijibu kwamba inafika moja kwa moja bila proksi, sawa. Likionyesha anwani na wewe hujui imetoka wapi, andika netsh winhttp reset proxy. Ukiwa hapohapo, ondoa VPN kwa muda, na kama msimbo ni ule wa jina la seva, 0x8024402C, jaribu kuweka DNS ya 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kwenye mipangilio ya mtandao wako.

Kompyuta iliyoamriwa isiulize

Hapa ndipo nataka tukae zaidi, kwa sababu kompyuta nyingi za majumbani mwetu haziumwi chochote. Zinatii amri.

Sababu yake ni bando. Sasisho la kila mwezi linaweza kula mamia ya MB, na lile kubwa la kubadilisha toleo linapita GB kadhaa. Mtu wa Makambako aliyewasha hotspoti ya simu ili atume barua moja ya maombi ya kazi anakuta bando la wiki limekwisha kabla barua haijaondoka. Anarudi kwa fundi akiwa na hasira. Fundi, kwa nia njema kabisa, anazima masasisho. Akishafanyiwa hivyo na wateja wengi, anaanza kuyazima kwenye kila mashine anayoipiga Windows, bila kuulizwa. Mashine ile inauzwa, inanunuliwa na mtu wa tatu, na huyo wa tatu ndiye anayekaa jioni anajiuliza kwa nini haioni masasisho.

Kuzima huko kuna njia kadhaa, na kila njia inaacha alama yake.

Ya kwanza ni kuzima huduma. Bonyeza Windows na R, andika services.msc, utafute Windows Update kwenye orodha. Kama aina ya kuanza imewekwa kuwa imezimwa, irudishe iwe ya mkono, kisha ianzishe. Itazame pia BITS. Ikirudi kuzimwa yenyewe baada ya kuwasha upya, kuna programu ya kuzuia masasisho imesakinishwa na inailinda amri hiyo; itafute kwenye orodha ya programu uiondoe.

Ya pili ni faili la hosts, lililoko C:\Windows\System32\drivers\etc. Lifungue kwa Notepad yenye mamlaka ya msimamizi. Mistari inayoanza na # ni maelezo tu, haina madhara. Ukikuta mistari isiyo na alama hiyo, ikianza na 127.0.0.1 au 0.0.0.0 na kufuatiwa na majina ya Microsoft au windowsupdate, mtu ameiambia kompyuta kwamba seva hizo ziko ndani ya kompyuta yenyewe. Inajiuliza, inajijibu kimya. Futa mistari hiyo, hifadhi, washa upya. Baadhi ya zana za kukraki leseni huacha mistari ya namna hii. Nilisikia mara nyingi watu wakisema Windows isiyo na leseni hainyimwi kitu isipokuwa masasisho. Kwa Windows 10 na 11 hilo si kweli. Nakala ambayo haijawezeshwa inaendelea kupokea masasisho ya usalama. Kinachoyazuia ni ile zana.

Ya tatu inahusu kompyuta za mtumba zilizotoka maofisini, na inastahili uangalifu. Ofisi kubwa hazipendi kila kompyuta ishushe masasisho yake mtandaoni. Zinaweka seva moja ya ndani, WSUS, inayoyashusha mara moja na kuyagawa, na kila kompyuta inaandikiwa anwani ya seva hiyo. Ofisi ikiuza kompyuta zake bila kuzisafisha vizuri, anwani inasafiri nayo. Kompyuta iko sebuleni kwako Kihesa, lakini kila siku inamwulizia mtu aliye kwenye mtandao wa ofisi nyingine kabisa. Ni sawa na mtu anayeendelea kumpelekea shangazi barua kwenye nyumba aliyokwisha hama: anapiga hodi, anasubiri, anarudi na kusema hakuna habari.

Dalili yake ni maneno kwenye ukurasa wa masasisho kwamba baadhi ya mipangilio inasimamiwa na taasisi yako, ilhali wewe huna taasisi. Ili kuona kwa macho, fungua regedit, daftari la mipangilio ya ndani ya Windows, uende HKEY_LOCAL_MACHINE, SOFTWARE, Policies, Microsoft, Windows, WindowsUpdate. Ukikuta WUServer yenye anwani usiyoijua, na ndani ya folda ya AU kuna UseWUServer yenye 1, umeipata. NoAutoUpdate yenye 1 nayo ni amri ya kutojisasisha. Hifadhi kwanza nakala ya ufunguo ule wa WindowsUpdate kwa kuutoa kama faili, kisha uufute, uwashe kompyuta upya. Ila kama kompyuta ni ya mwajiri wako na bado ni yake, usiguse. Mwone mtu wa TEHAMA wa ofisini. Na kama ulinunua kompyuta ya mtumba ambayo kila ukipiga Windows inakuomba barua pepe ya kampuni usiyoijua, hiyo bado imesajiliwa kwa wenyewe. Irudishe kwa aliyekuuzia.

Njia ya nne ni ya halali na ya wazi: mtu aliyasimamisha masasisho kwa muda kwenye ukurasa uleule, au aliweka Wi-Fi kuwa ya kulipia kwa kipimo (metered). Kusimamisha kuna mwisho, siku 35. Mtandao wa kipimo hauzuii kutafuta, unazuia kushusha mengi bila idhini yako, na kwa mtu wa bando naona huo ndio mpangilio sahihi. Unaona orodha, unaamua mwenyewe lini ushushe.

Ghala lililoharibika

Umeme ukikatika katikati ya kushusha au kusakinisha, kumbukumbu za huduma ya masasisho zinaweza kuvurugika. Zinakaa C:\Windows\SoftwareDistribution. Dalili ni kutafuta kusikokwisha, au msimbo uleule kila siku licha ya saa na mtandao kuwa sawa. Tiba ni kuilazimisha ianze daftari jipya. Kwenye dirisha la amri la msimamizi andika net stop wuauserv, kisha net stop bits, kisha ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old, halafu uziwashe huduma zote mbili kwa net start. Folda mpya itajitengeneza. Historia iliyoonekana pale itapotea, masasisho yaliyokwisha kuingia hayaondoki.

Ikishindikana, tumia amri mbili za kukarabati mafaili ya Windows: andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, na baada yake sfc /scannow. Ya kwanza inahitaji intaneti. Zote mbili zinaweza kuchukua muda mrefu kwenye diski ya kuzunguka, usizikatishe. Na kama diski imejaa, safisha kwa zana ya Windows yenyewe, cleanmgr. Usifute kwa mkono folda ya WinSxS hata kama inaonekana kubwa.

Jibu la kweli: toleo limeisha

Wakati mwingine kila kitu kiko sawa na jibu ni kwamba hakuna masasisho kwa sababu hayatengenezwi tena. Andika winver uone uko wapi. Windows 7 iliachwa tarehe 14 Januari 2020, 8.1 tarehe 10 Januari 2023, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Toleo la mwisho la Windows 10 ni 22H2, na matoleo ya nyumbani yaliyo chini yake yaliachwa mapema zaidi.

Windows 7 iliyopigwa upya leo kutoka kwenye CD ya zamani ina balaa la ziada: mwaka 2019 Microsoft ilihamia kwenye aina mpya ya sahihi za kidijitali, SHA-2, na mwaka 2020 ikafunga njia za aina ya zamani, SHA-1. Ile CD haijui SHA-2. Hata masasisho ya zamani haiyaoni, na kuipiga upya mara kumi hakuleti tofauti. Chrome nayo, kwenye Windows 7 na 8.1, ilikomea toleo la 109.

Kwa Windows 10 ya nyumbani kuna mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unahitaji 22H2 na akaunti ya Microsoft. Ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti hiyo hulipi, usipotaka kuna malipo ya dola 30. Kuhamia Windows 11 kunahitaji TPM 2.0 (kijenzi cha usalama ndani ya kompyuta), RAM ya GB 4, diski ya GB 64 na prosesa iliyo kwenye orodha yao, kwa Intel ni kizazi cha 8 kwenda mbele isipokuwa chache. Kabla ya kukata tamaa andika tpm.msc. Kwenye kompyuta nyingi TPM ipo ila imezimwa kwenye BIOS, mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka.

Mashine isiyofika huko bado ina maisha. Unaweza kuweka Ubuntu, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Toleo lake la LTS (la kuhudumiwa muda mrefu) linahudumiwa miaka 5, na 24.04 ya Aprili 2024 inafika 2029. Kwa wanaoitumia tayari: sudo apt update ikirudisha 404 kila mstari, huenda toleo lako limeisha na vifurushi vyake vimehamishiwa old-releases.ubuntu.com, ikisema faili la Release bado halijaanza kutumika, rudi kwenye ile betri ya CR2032.

Kuyapata bila kumaliza bando

Kama nyumbani kuna kompyuta mbili, washa ugawaji wa masasisho (Delivery Optimization) kwa kompyuta za mtandao wa ndani tu. Ya kwanza ikishusha, ya pili inachukua kwa jirani yake. Usichague ule wa kompyuta za intaneti nzima, maana utakuwa unawatumia watu wengine kwa bando lako. Kwa walio mbali na mtandao mzuri, mtu aliye mjini anaweza kufungua catalog.update.microsoft.com, akatafuta kwa toleo linaloonyeshwa na winver, akashusha faili la msu na kukuletea kwenye flashi. Angalia iwe x64 (ya biti 64) kama mashine yako ni x64. Unalibofya mara mbili, linaingia bila intaneti.

Ukishamaliza, usitafute mara moja ukaridhika. Kompyuta iliyokaa muda mrefu hupokea kwa mafungu, kwa hiyo washa upya, tafuta tena, hadi orodha iwe tupu. Kisha fungua historia. Microsoft hutoa masasisho ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani; kwetu ni saa mbili au saa tatu usiku, kutegemea majira yao. Kuanzia Jumatano hiyo, kompyuta yenye toleo linalohudumiwa inapaswa kuonyesha sasisho jipya. Ikipita wiki nzima na tarehe ya juu bado ni ya mwezi uliopita, chukua msimbo wako urudi kwenye saa, halafu proksi, halafu amri za kuzima masasisho, kwa mpangilio huohuo.